Swali la Baba Mdogo Nililolipeleka Newmarket

Ninyi mnaokaa Nairobi mnaufahamu uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ulio kando ya Barabara ya Ngong, jirani na msitu. Mbio zilihamishiwa hapo mwaka 1954 kutoka Kariokor, na tangu siku hizo watu wengi wa mji huu wamepita nje ya ua wake maisha yao yote wasiingie hata mara moja. Mimi niliingia mwaka 1968, nikiwa mtoto wa miaka 10, kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa saisi katika zizi moja la huko, yaani mtu wa kulisha farasi, kumsugua, kumtembeza na kulala karibu naye akiugua.

Farasi aliyekuwa mikononi mwake mwaka huo alikuwa jike mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni, ambaye ndiyo kwanza atimize miaka 3. Katika karatasi za uwanja alikuwa na jina refu la Kizungu. Baba Mdogo alimwita Binti tu. Binti alishinda mbio zake za kwanza za falongi 5, akashinda na za pili za falongi 6. (Falongi ni sehemu ya 8 ya maili, kama mita 200.) Siku kumi na nne baada ya ushindi wa pili alitiwa katika mbio za falongi 10 pamoja na farasi wakubwa, akiwa na mzigo mzito kuliko wote. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya pipa nyuma ya ua. Alikuja akiongoza mpaka zikabaki falongi 2, kisha nikaona kichwa chake kinapanda juu, na wenzake wakampita mmoja mmoja kama maji yanavyolipita jiwe. Alimaliza wa tisa, akichechemea. Kano ya mguu wa mbele ilikuwa imevimba, na hakukimbia tena.

Mwenye zizi alisema kosa ni la saisi, kwamba hakuikanda miguu kwa maji baridi ipasavyo wala hakuifunga bendeji vizuri. Baba Mdogo alipoteza kazi mwisho wa mwezi. Baadaye alilima mboga Dagoretti, akasomesha watoto, akazeeka. Lakini ile kadi ya mbio aliihifadhi ndani ya Biblia yake, na kila nilipomtembelea swali lake lilikuwa lile lile: Binti alivunjwa na umbali, au alivunjwa na mzigo?

Binti yangu ni muuguzi mjini Cambridge, Uingereza, na mwaka jana katika mwezi wa Aprili alinialika nikamwone. Nilipokwenda kuaga, Baba Mdogo, ambaye sasa amepita miaka 80, alinipa ile kadi ndani ya bahasha, akasema, “Mwanangu, wale mabwana waliotuletea farasi walikuwa wakitaja mji mmoja, Newmarket. Ukifika huko, usiniletee koti. Niulizie.”

Kutoka Cambridge hadi Newmarket ni safari fupi ya treni, kama maili 13 hivi, katikati ya mashamba tambarare yasiyo na kilima hata cha kupumzishia macho. Nilitoka gizani ili niwaone farasi asubuhi. Baridi ilikuwa kali, ya upepo mkavu, nami nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo, hata fulana ya mkwe wangu. Mji wenyewe ni mdogo: barabara kuu moja, maduka, mikahawa, na jumba la Jockey Club, ambalo mbele yake imesimama sanamu ya shaba ya Hyperion, farasi mfupi aliyeshinda Derby na St Leger mwaka 1933. Katika mji huo wanafunzwa farasi zaidi ya 2,500. Wana njia zao za miguu kama sisi tulivyo na zetu, na wanapofika penye barabara, magari husimama. Niliona lori kubwa la mizigo likingoja kimya mpaka farasi wa mwisho wa msafara wa farasi ishirini alipomaliza kuvuka, tena alivuka polepole, akitazama huku na huku kama mkaguzi wa shule. Huku kwetu hata mama mwenye mtoto mgongoni hangojwi hivyo.

Nilisimama chini ya Warren Hill, kilima cha majani kinachopanda taratibu pembeni mwa mji. Hapo farasi huja makundi kwa makundi, wakipumua moshi, kisha wawili wawili hupanda kwa shoti na kurudi kwa miguu upande wa pili. Kilima hicho kina hekima yake. Farasi akikimbia mlima moyo na mapafu hufanya kazi kubwa, lakini miguu ya mbele haipigwi sana kama anapokimbia tambarare au mteremko. Wale wa miaka 2 nilianza kuwatambua baada ya nusu saa: makalio yamepanda juu kuliko mabega, shingo nyembamba, na kila kitu kinawashtua, hata mfuko wa karatasi.

Saa nne nilikwenda kwenye jumba la makumbusho ya mbio za farasi, lililo mahali palipokuwa jumba la Mfalme Charles wa Pili. Mfalme huyo aliyapenda mashindano ya Newmarket hata akapanda mwenyewe, na uwanja mmoja wa huko, Rowley Mile, umepewa jina la utani alilopewa yeye kutokana na farasi wake. Nyuma ya makumbusho yapo mazizi ya farasi waliostaafu mbio, ambao mgeni huruhusiwa kuwakaribia. Ndipo nilipokutana na mtu niliyekuwa namtafuta bila kumjua: mzee mwembamba mwenye kofia, aliyefanya kazi katika mazizi ya mji huo kwa miaka 46, akianza kama kijana wa kusafisha banda na kumaliza kama msimamizi wa masaisi. Sasa hujitolea kuwaeleza wageni. Nilipomwambia kwamba baba yangu mdogo alikuwa saisi Nairobi, alivua kofia, akanipa mkono upya.

Nilimtajia swali, ila kadi sikuitoa kwanza. Nilitaka anifundishe kabla hajahukumu.

Akaniambia kwamba mwalimu wa farasi humtazama mtoto wa farasi kwanza kwa wazazi wake, kisha kwa umbo lake, na mwisho kwa mwendo wake, na kwamba wazazi mara nyingi husema mambo mawili yanayopingana. Akanipa mfano uliotokea katika mji huo huo. Tarehe 13 Agosti 2010, katika uwanja wa pili wa Newmarket, madume wawili wa miaka 2 walianza maisha yao katika mbio moja za maili 1. Wote wawili walikuwa watoto wa baba mmoja, Galileo, aliyeshinda Derby ya mwaka 2001, ambayo ni maili 1 na nusu. Mmoja aliitwa Frankel, mwingine Nathaniel. Frankel alishinda kwa nusu ya urefu wa farasi tu. Mtu asiyejua angesema hawa ni ndugu, wana nguvu sawa, wapelekwe njia moja.

“Lakini mama zao hawakuwa wamoja,” mzee akasema, akiinua kidole. Mama yake Frankel, aitwaye Kind, alikuwa mkimbiaji wa falongi 5 na 6. Mama yake Nathaniel alikuwa wa mbio ndefu zaidi. Henry Cecil, mwalimu wa Frankel, ambaye zizi lake lilikuwa juu ya kilima kile kile nilichokitazama asubuhi, alimwona farasi wake ana pupa, akivuta hatamu tangu mlango wa kuanzia, na farasi wa namna hiyo ukimpa umbali mrefu mapema humaliza nguvu zake kwa kugombana na mpandaji. Mwezi wa Aprili mwaka 2011 Frankel alishinda 2000 Guineas ya maili 1 kwa urefu wa farasi 6, na watu wengi wakataka apelekwe Derby ya Epsom, mashindano ambayo kila mwenye farasi Uingereza huyaota. Cecil na mwenye farasi, mwana wa mfalme Khalid Abdullah wa Saudi Arabia, hawakumpeleka. Walimweka katika maili 1 mwaka mzima. Mwaka 2012, alipokuwa amepata miaka 4 na kujifunza kutulia, ndipo walipomwongezea umbali kidogo: katika uwanja wa York, maili 1 na falongi 2 na zaidi, naye akashinda kwa urefu wa farasi 7. Alikimbia mara 14 katika maisha yake na hakushindwa hata mara moja. Nathaniel yeye alipelekwa kwenye maili 1 na nusu alipokuwa na miaka 3, akashinda huko mashindano makubwa ya King George. Wote wawili waliwekwa kila mmoja mahali pake.

Siku hizi, alieleza, kuna na kipimo cha damu. Mwaka 2010 wataalamu wa University College Dublin, wakiongozwa na Emmeline Hill, walitangaza kwamba sehemu moja ya urithi inayotawala ukuaji wa misuli huonyesha kama farasi ameelekea mbio fupi, za kati au ndefu. Mzee huyo hakukidharau kipimo hicho, ila alisema kina upungufu mmoja: hakimwambii mwalimu kama magoti yamefunga. Maana katika mfupa ulio juu ya goti la mbele la farasi kuna sehemu laini ambayo kwayo mfupa hurefuka, nayo haifungi mpaka farasi awe na miaka 2 au 2 na nusu. Hii haina maana kwamba mtoto wa farasi asikimbizwe kabisa. Mfupa hujengwa kwa kazi. Farasi aliyefungiwa bandani mpaka miaka 4 huja uwanjani na mifupa dhaifu. Kazi iwe fupi, ya haraka kidogo, kisha apumzishwe, kisha iongezwe. Wengi katika umri huo huumwa mfupa wa mbele chini ya goti, nayo ni ishara kwamba kazi imeutangulia mfupa. Kwa sababu hiyo Uingereza mbio za kwanza za miaka 2, mwanzo wa majira, ni za falongi 5, na umbali huongezwa kadiri mwaka unavyosogea.

Nikamwuliza juu ya mzigo. Hapo alicheka, akasema mambo ya mzigo walifundishwa na baharia. Admeri Henry John Rous alizaliwa mwaka 1795, na mwaka 1835 alivusha bahari ya Atlantiki meli ya kivita iliyokuwa imeharibiwa kwa miamba na kupoteza usukani. Alipoacha bahari aligeukia mbio za farasi, na katika miaka ya 1850 alipanga jedwali linaloonyesha farasi wa umri fulani apunguziwe ratili ngapi akikutana na wakubwa wake, kwa kila umbali na kwa kila mwezi. Jedwali hilo limerekebishwa mara kadhaa, lakini msingi wake ni ule ule. Kadiri umbali unavyokuwa mrefu, ndivyo kijana anavyopunguziwa zaidi. Na kadiri mwaka unavyokwisha na kijana anavyokomaa, ndivyo nafuu yake inavyopungua.

Tena mfano ukawa wale ndugu wawili. Katika juma moja la Julai mwaka 2011, Nathaniel alishinda King George ya maili 1 na nusu akibeba ratili 121, na wakubwa wake ratili 133; yaani alipunguziwa 12. Siku nne baadaye Frankel alishinda Sussex Stakes ya maili 1 akibeba ratili 125, na mkubwa wake Canford Cliffs 133. Yaani alipunguziwa 8 tu. Vijana wa umri mmoja, mwezi mmoja, lakini yule wa umbali mrefu alipewa nafuu zaidi. Majike nao hupunguziwa ratili 3 katika mashindano makuu wakikutana na madume.

Hiyo ni nafuu ya umri. Lakini yako mashindano ya namna nyingine, ambayo ndiyo mengi, pale Ngong na kila mahali, ambamo mgawa mizigo huwaongezea wenye nguvu na kuwapunguzia wanyonge, ili kwa hesabu wote wafike pamoja. Farasi akishinda mara mbili, huongezwa. Vipande vya risasi hutiwa katika mifuko ya kitambaa chini ya tandiko, mpandaji hupimwa kwenye mizani kabla na baada ya mbio, na akipungukiwa, ushindi hupotea. Hapo mwalimu hujaribiwa tamaa yake. Anaweza kutumia kijana anayejifunza kupanda, ambaye huruhusiwa kupunguza ratili 3, 5 au 7. Anaweza kungoja mbio za wenye umri mmoja. Au anaweza kusema, farasi wangu amepanda bei, tumpeleke popote penye fedha.

Mchana huo kulikuwa na mashindano Rowley Mile, na mzee akanichukua kwa gari lake. Nilidhani nitaona mviringo kama wa Ngong. Sivyo: ni njia pana iliyonyooka, ikija kutoka mbali hata farasi mwanzoni ni madoa tu; kisha inateremka bondeni karibu na mwisho, na falongi ya mwisho ni mlima. Nilipoiona nikafahamu kwa nini alisisitiza kunileta. Falongi 5 za mahali pengine si falongi 5 za hapo. Tulitazama mbio za watoto wa miaka 2, na katika ule mteremko mmoja wao, dume mzuri mweusi, alipoteza mpango wa miguu, akayumba kushoto. Mpandaji wake hakumpiga fimbo. Alimshika kichwa, akamngoja ajikusanye, akamwacha amalize wa tano. Mzee akapiga makofi kwa huyo wa tano kuliko alivyompigia mshindi. “Huyo atakuwa farasi,” akasema.

Tulipokaa kunywa chai ndipo nilipoitoa kadi. Akavaa miwani. Alisoma mstari wa Binti, akasoma na maandiko ya kalamu ya risasi ambayo Baba Mdogo alikuwa ameyaandika pembeni: mbio za kwanza, falongi 5, ratili 117, za pili, falongi 6, ratili 120, za tatu, falongi 10, ratili 133. Na chini kabisa: ardhi kavu. Akakaa kimya muda mrefu mpaka chai yake ikapoa.

Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti. Kwa kipimo cha zamani, katika falongi 5 urefu mmoja wa farasi ni sawa na ratili 3 hivi. Katika maili 1 ni kama ratili 2. Na umbali ukizidi, ratili zinazotosha kumpoteza farasi urefu mmoja hupungua. Ratili 13 zilizoongezwa, katika falongi 10, ni kama kumwambia Binti aanze urefu wa farasi 7 nyuma ya wenzake. “Tena wakubwa wake,” akasema, “na ardhi kavu, na siku kumi na nne tu. Angepelekwa falongi 7 au 8 na mzigo ule ule wa 120, tungejua kama ana umbali. Angewekwa katika falongi 6 na kuongezwa mzigo, tungejua kama ana nguvu. Mtoto wa farasi huulizwa neno moja kwa siku moja. Huyu aliulizwa manne.” Maji baridi, alisema, hayakuhusika. Kano iliyochoka hukatika mbele ya bendeji yoyote. Aliongeza kwamba mtu hawezi kumwona farasi ndani ya karatasi, na kwamba huenda Binti angeumia hata katika njia nyepesi. Wako wanaoumia wakitembezwa tu.

Nilipotaka kuichukua kadi, aliishikilia kidogo. Akasema yeye pia alikuwa na dume, miaka mingi iliyopita, aliyepelekwa mbali akiwa bado mchanga. “Asubuhi ile nilipitisha mkono mguuni nikahisi joto. Nilijua. Bwana mkubwa alikuwa na wageni, nami nilikuwa na mke na mtoto mdogo. Nikanyamaza.”

Nilirudi Kenya mwezi wa Mei, na Jumapili ya kwanza nikaenda Dagoretti. Nilimkuta Baba Mdogo ameketi nje juani. Nikamweleza yote kwa utaratibu, ndugu wawili wa Galileo, jedwali la yule baharia, hesabu ya urefu wa farasi 7, na neno la maji baridi. Nilitazamia atafurahi, kwa maana lawama ya miaka zaidi ya 50 ilikuwa imeondolewa na mtu aliyejua kazi. Alinisikiliza akitikisa kichwa polepole, lakini uso haukubadilika mpaka nilipofika kwenye yale maneno ya mwisho ya mzee wa Newmarket.

“Alisema alinyamaza?” akauliza.

“Ndiyo, Baba.”

Alitazama shamba lake la sukuma wiki. “Usiku ule kabla ya mbio,” akasema, “Binti aliacha nusu ya chakula chake. Hakuwahi kuacha hata punje. Nilikimwaga kwenye lundo la samadi ili asubuhi wasikione.”

Sikujua la kusema, nami sikusema. Baadaye aliomba simu yangu, atazame picha nilizopiga Warren Hill. Alizipitia moja moja, akiikuza kila picha kwa kidole mpaka akaona miguu tu. Kwenye moja alisimama sana. Ilikuwa ya msichana akishuka kilima akimwongoza farasi wa miaka 2 aliyelowa jasho.

“Huyu amemshika kigwe kifupi mno,” akasema. “Mwambie amlegezee, mtoto apumue.”